Je, ni kweli mamba jike hula watoto wake?

Wasikilizaji wetu wanaoishi kando ya mito hutuuliza swali hili mara kwa mara. Mtu amemwona mamba jike akikusanya watoto wake mdomoni na kuingia nao majini, akaamini anawala. Kumbe alikuwa anawabeba.

Mamba wa mito yetu, kama Rufiji na Ruvuma, hutaga nchi kavu wakati wa kiangazi, maji yanapopungua. Jike hutafuta mchanga ulioinuka kidogo ili mafuriko yasifike, huchimba shimo lenye kina cha hadi nusu mita, hutaga mayai kati ya 25 na 80, kisha huyafukia.

Hayaatamii kama kuku. Joto la mchanga ndilo linaloyalea, na ndilo linaloamua jinsia. Kiota chenye joto la nyuzi 32 hadi 34 hivi hutoa madume wengi. Joto likiwa chini au juu ya hapo, hutoka majike.

Kwa karibu miezi 3 mama hulinda kiota na hula kwa nadra sana. Akienda majini kujipoza, kenge hupata nafasi ya kufukua mayai. Siku zikitimia, watoto hulia wakiwa bado ndani ya mayai. Mama akisikia, hufukua mchanga na kuwabeba hadi majini. Yai lililochelewa hulibana taratibu mdomoni mpaka lipasuke. Huendelea kuwalinda kwa wiki kadhaa, lakini wengi huliwa na ndege, samaki na kenge kabla hawajakua.

Hapa ndipo penye hatari kwetu. Mama huyo anaweza kuwa amejificha kwenye matete, hatua chache kutoka kwenye kiota, nawe usimwone. Ukisogea atakushambulia, hata kama hana njaa.

Kwa hiyo, ukikuta mchanga uliofukuliwa au alama za mamba ukingoni, rudi ulikotoka. Ukisikia sauti kama za vifaranga kwenye nyasi za mtoni, usiende kuchungulia. Wakatazeni watoto kucheza hapo, na tafuteni sehemu nyingine ya kuteka maji. Msifukue mayai: ni hatari, na bila kibali ni kosa kisheria. Toeni taarifa ofisi ya kijiji ili afisa wanyamapori aitwe.