Aravind Adiga

Aravind Adiga (alizaliwa Madras, mji ambao leo unaitwa Chennai, 23 Oktoba 1974) ni mwandishi wa riwaya kutoka nchini India ambaye pia ana uraia wa Australia. Kabla ya kuandika riwaya alikuwa mwandishi wa habari, hasa habari za fedha na uchumi. Anajulikana zaidi kwa riwaya yake ya kwanza, The White Tiger (yaani "Chui-milia Mweupe"), iliyompatia Tuzo ya Booker mwaka 2008. Huandika kwa lugha ya Kiingereza.

Maisha ya awali na elimu

Adiga alilelewa katika mji wa Mangalore, ulio kwenye pwani ya jimbo la Karnataka kusini mwa India, katika familia inayozungumza Kikannada. Alisoma shule huko hadi mwaka 1990. Baada ya mama yake kufariki, alihamia Sydney, Australia, pamoja na familia yake akiwa bado kijana.

Kutoka Australia alikwenda Marekani kusomea fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alikohitimu mwaka 1997. Baadaye aliendelea na masomo ya fasihi huko Oxford, Uingereza, katika chuo cha Magdalen.

Kazi ya uandishi wa habari

Adiga alianza uandishi wa habari akiwa mwanagenzi katika gazeti la Financial Times, akiandika juu ya masoko ya hisa na uwekezaji. Baadaye aliajiriwa na jarida la Time kama mwandishi wake wa Asia Kusini. Alifanya kazi hiyo kwa miaka mitatu kabla ya kuwa mwandishi wa kujitegemea.

Kipindi hicho uchumi wa India ulikuwa unakua kwa kasi, na habari nyingi zilihusu kampuni za teknolojia, majengo mapya na matajiri wapya. Lakini katika safari zake Adiga alikutana na watu wasiotajwa katika habari hizo: wavuta riksho, madereva, watumishi wa nyumbani na wasafiri wanaosubiri kwenye vituo vya treni na mabasi. Ameeleza kwamba mhusika mkuu wa riwaya yake ya kwanza alitokana na sauti za watu wengi wa aina hiyo aliowasikiliza. Kwa hiyo riwaya zake zinaweza kusomwa kama mwendelezo wa kazi yake ya habari: zinauliza nani analipa gharama ya maendeleo, na kwa nini hasikiki.

The White Tiger

Riwaya hii imeandikwa kwa mtindo wa barua. Balram Halwai, mfanyabiashara wa mjini Bangalore, anamwandikia waziri mkuu wa China, Wen Jiabao, kwa muda wa usiku saba, akimweleza jinsi alivyofanikiwa. Balram ni mtoto wa mvuta riksho kutoka kijiji maskini. Baba yake anakufa kwa kifua kikuu katika hospitali ambayo haina daktari. Balram mwenyewe anaachishwa shule ili afanye kazi katika duka la chai, kisha anajifunza udereva na kupata kazi kwa Ashok, mtoto wa tajiri, mjini Delhi.

Siku moja mke wa Ashok anamgonga mtu kwa gari usiku, na familia inamtaka Balram atie saini karatasi inayosema kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiendesha. Mwishowe Balram anamuua bwana wake, anachukua fedha alizokuwa amebeba kwa ajili ya kuwahonga wanasiasa, na kuanzisha biashara ya kusafirisha wafanyakazi wa vituo vya simu.

Balram anawafananisha watumishi na kuku waliofungiwa sokoni: wanaona wenzao wakichinjwa lakini hawajaribu kutoroka. Sababu mojawapo ni kwamba mtumishi anayemwasi bwana wake anajua familia yake kijijini ndiyo itakayoadhibiwa. Msomaji anaachiwa swali gumu: je, uhuru uliopatikana kwa mauaji unaweza kuitwa mafanikio?

Adiga alipata Tuzo ya Booker akiwa na umri wa miaka 33. Kabla yake tuzo hiyo ilikuwa imetolewa kwa waandishi wengine waliozaliwa India: Salman Rushdie (1981), Arundhati Roy (1997) na Kiran Desai (2006).

Mapokezi

Si wote walioipokea riwaya hiyo vizuri. Nchini India wapo waliolalamika kwamba inawaonyesha wageni upande mbaya tu wa nchi. Wengine walihoji kama mtu aliyesoma Oxford anaweza kusema kwa niaba ya dereva maskini. Balram mwenyewe anakiri mwanzoni kwamba hajui Kiingereza, ingawa kitabu kimeandikwa kwa lugha hiyo. Adiga alijibu kwamba waandishi wa karne ya 19, kama Dickens na Balzac, nao walikosoa jamii zao, na ukosoaji huo ulizisaidia kuwa bora zaidi.

Vitabu vingine

Between the Assassinations (2008) ni mkusanyo wa hadithi zinazotokea Kittur, mji wa kubuni kusini mwa India, kati ya kuuawa kwa Indira Gandhi mwaka 1984 na kuuawa kwa mwanawe Rajiv mwaka 1991. Mmoja wa wahusika ni mhariri wa gazeti anayetambua kwamba ukweli kuhusu mji wake hauchapishwi.

Last Man in Tower (2011) inahusu jengo la ghorofa mjini Mumbai. Tajiri mmoja anataka kulinunua kwa bei kubwa, lakini mwalimu mstaafu anakataa kuuza, na majirani zake wa miaka mingi wanamgeuka.

Selection Day (2016) inasimulia juu ya ndugu wawili ambao baba yao anawalazimisha kuwa wachezaji bora wa kriketi.

Amnesty (2020) inatokea Sydney kwa siku moja tu. Danny, Mtamil kutoka Sri Lanka anayeishi Australia bila kibali, anafanya kazi ya usafi majumbani. Anahisi kwamba anamjua aliyemuua mmoja wa wateja wake, lakini akitoa habari kwa polisi anaweza kufukuzwa nchini.

Filamu

The White Tiger ilifanywa filamu na Ramin Bahrani, rafiki wa Adiga tangu walipokuwa wanafunzi Columbia. Riwaya yenyewe imetabarukiwa kwake. Filamu ilionyeshwa na Netflix mwaka 2021, Adarsh Gourav akiigiza kama Balram, na iliteuliwa kuwania Tuzo ya Oscar kwa mswada bora uliotokana na kazi nyingine. Selection Day pia ilifanywa kuwa tamthilia ya Netflix, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2018.