Vocha, Risiti na Daftari la Duka: Amana Inayotaka Mpangilio

Miongoni mwa vitu vinavyodharauliwa katika nyumba zetu ni karatasi ndogo zinazohusu chakula. Risiti ya sukari hutumika kuwashia moto, vocha hukunjwa mara nne ikatiwa chini ya godoro, na ukurasa wa daftari la duka huchanwa na mtoto anayetaka kuchora. Siku hiyo hakuna anayeona hasara. Hasara huonekana baadaye, wakati muda wa vocha umekwisha, au pale mwenye duka na mwenye nyumba wanapotaja hesabu mbili za deni moja, kila mmoja akiwa na yakini na yake.

Kuponi za punguzo zinazokatwa magazetini, ambazo familia nyingi za Marekani zimezoea kuzipanga kwenye majalada kabla ya kwenda kununua mahitaji, hazijazoeleka Nyakunguru wala kwingineko katika Tarime na Serengeti. Hata hivyo, karatasi za jamaa hiyo tunazo kwa majina yetu wenyewe: daftari la mali kauli, risiti, vocha ya pembejeo, kadi ya kikundi cha kuweka na kukopa, na stakabadhi ya mazao yaliyopelekwa ushirika. Mkulima hupata fedha kwa msimu, mfugaji hupata siku ya mnada, na mwenye ajira hupata mwisho wa mwezi. Lakini chungu hutakiwa jikoni kila siku. Pengo lililopo kati ya siku ya fedha na siku ya njaa ndilo linalojazwa na karatasi hizo.

Hivyo basi, kuzipanga si ubahili wala si kazi ya makarani peke yao. Ni kutunza haki: haki yetu iliyo kwa wengine, na haki ya wengine iliyo kwetu. Katika makala haya tunaeleza kwa nini jambo hili ni zito, kisha tunapendekeza mpangilio ambao nyumba yoyote inaweza kuufuata kwa gharama ya bahasha nne na madaftari mawili.

Vocha za chakula si jambo jipya

Wapo wanaodhani kwamba vocha ya chakula ni uzushi wa zama hizi. Historia ya Kiislamu inasema vingine. Marwan bin Al-Hakam alipokuwa gavana wa Madina, katika zama za Muawiya, watu walipewa hati za kuchukua nafaka iliyohifadhiwa Al-Jar, bandari ya Bahari ya Shamu iliyokuwa ikiihudumia Madina. Hati hizo ziliitwa sukuk. Haukupita muda, watu wakaanza kuuziana hati zenyewe kabla nafaka haijapokelewa. Imam Malik amesimulia katika Muwatta kwamba Zaid bin Thabit, pamoja na sahaba mwingine, walimwendea Marwan na kumkemea kwa kuliachia jambo hilo. Marwan akatuma walinzi wake kuzifuatilia hati hizo, kuzitoa mikononi mwa watu na kuzirejesha kwa wenyewe. Imam Muslim naye amepokea kwamba Abu Huraira alimkabili Marwan juu ya jambo hilo hilo.

Msingi wa karipio lile ni makatazo ya Mtume (s.a.w.) ya kuuza chakula kilichonunuliwa kabla ya kukipokea. Tunachojifunza hapa ni kwamba masahaba hawakuichukulia karatasi ya chakula kuwa kitu cha mchezo. Waliiona nyuma yake nafaka, na nyuma ya nafaka wakamwona mtu mwenye haki yake.

Karne nyingi baadaye, mataifa mengine yalilazimika kuishi kwa karatasi za namna hiyo. Uingereza iligawa chakula kwa vitabu vya mgao kuanzia Januari 1940 hadi Julai 1954, na mwenye duka alikata au kufuta kuponi kila familia ilipochukua fungu lake. Hapa kwetu, wazee wanaikumbuka vyema miaka iliyofuata Vita vya Kagera vya 1978–1979, wakati sukari, sabuni na mafuta ya kula vilipoadimika na kugawiwa kwa mafungu, kupitia maduka ya kaya na ya ushirika. Hali ilifikia mahali ambapo mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa walanguzi na walioficha bidhaa. Wazee wetu waliopitia foleni zile walijua kwamba karatasi ya mgao hutunzwa kama fedha.

Kizazi kilichofuata kilikutana na vocha za pembejeo. Kuanzia msimu wa 2008/09 serikali ilitoa vocha kwa wakulima wadogo waliochaguliwa na kamati za vijiji. Mkulima alipata vocha tatu, moja ya mbegu na mbili za mbolea, zilizofidia takriban nusu ya bei. Nusu iliyobaki aliitoa mfukoni. Mpango ule uliwasaidia wengi, lakini pia kulikuwa na malalamiko ya wakulima waliosaini vocha bila kupokea mbolea, na ya wengine waliomwachia wakala vocha zao kwa fedha kidogo. Aliyefanya hivyo aliuza mavuno ya msimu mzima kwa mahitaji ya siku mbili. Tangu 2022 ruzuku ya mbolea imekuwa ikipitia usajili wa kielektroniki, na namba ya siri katika simu imeshika nafasi ya karatasi. Umbo limebadilika, amana ni ile ile.

Bahasha nne katika kopo moja

Tuje sasa kwenye mpangilio wenyewe. Tafuta kopo la bati lenye mfuniko, au mfuko mgumu wa plastiki unaofungika. Uwekwe juu, mbali na mchwa, panya, mvua na mikono ya watoto. Kila mtu mzima wa nyumba hiyo ajue ulipo. Ndani yake ziwemo bahasha nne, kila moja ikiwa imeandikwa jina lake kwa herufi kubwa.

Bahasha ya kwanza ni ya HAKI AMBAZO HATUJACHUKUA. Humo huingia vocha, kuponi za punguzo, stakabadhi za mazao ambayo hayajalipwa, na karatasi yoyote inayotupa haki ya kupokea kitu. Juu ya kila karatasi andika kwa kalamu siku ya mwisho ya kutumika kwake, kisha zipange kwa tarehe: inayokaribia kwisha ikae mbele. Kosa la nyumba nyingi ni kuzipanga kwa aina ya bidhaa, sukari na sukari, sabuni na sabuni. Mpango huo hupendeza macho, lakini karatasi huharibiwa na tarehe.

Bahasha ya pili ni ya TUNAYODAIWA. Hapa hukaa daftari la duka, kadi ya kikundi, na makubaliano yoyote ya mkopo.

Bahasha ya tatu ni ya TULIYOLIPA. Humo huwekwa risiti. Tangu mashine za risiti za kielektroniki zilipoanza kutumika nchini mwaka 2010, risiti nyingi huchapwa kwenye karatasi ambayo maandishi yake hufifia kwa joto na mwanga. Risiti iliyokaa miezi kadhaa karibu na jiko hubaki karatasi nyeupe. Kwa hiyo, siku ile ile ya kununua, andika nyuma ya risiti kwa kalamu ya wino: tarehe, duka, bidhaa na jumla. Aliyelipa kwa simu naye anakili namba ya muamala, kwani simu hupotea na ujumbe hufutika.

Bahasha ya nne ni ya TUNAYODAI. Jirani aliyeazima debe la mahindi, shemeji aliyekopa fedha za dawa, wote wana nafasi hapa. Wengi huona haya kuandika deni la jamaa, lakini kuandika si kumdhania mtu vibaya. Ni kumhifadhi asije akasahau, na kutuhifadhi sisi tusije tukadai zaidi ya haki yetu.

Madaftari mawili, hesabu moja

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Surat Al-Baqara, inahusu jambo hili hili. Mwenyezi Mungu anawaamrisha waumini wanapokopeshana kwa muda maalumu waandike, mwandishi awe mwadilifu, anayedaiwa ndiye atoe imla, na wawepo mashahidi. Wala tusichoke kuandika deni, liwe dogo au kubwa. Biashara ya mkono kwa mkono ndiyo iliyoondolewa uzito huo.

Tutazame hali ya maduka yetu. Mara nyingi daftari huwa moja, nalo hukaa kwa mwenye duka. Mteja huchukua unga jioni, mtoto hutumwa chumvi asubuhi, na kinachoandikwa hakionwi na upande wa pili. Hapo hata mtu mwaminifu anaweza kutuhumiwa. Dawa yake ni madaftari mawili yanayoandikwa kwa wakati mmoja: moja la duka, jingine la nyumba. Kila mstari uwe na tarehe, bidhaa na kipimo chake, bei, malipo na baki, na mwishoni saini fupi ya kila upande. Mtoto anayetumwa dukani aende na daftari la nyumba. Asiye na daftari asipewe mali kauli.

Tuchukue mfano. Familia ilianza juma ikiwa na deni la shilingi 18,000. Ikachukua unga kilo 5 kwa 7,500, sukari kilo 2 kwa 6,000, na mafuta lita moja kwa 6,000. Hiyo ni 19,500, na deni limefika 37,500. Siku ya mnada ikalipa 20,000. Baki ni 17,500. Hesabu hii ni nyepesi leo. Lakini ikiachwa miezi mitatu bila kuandikwa, hakuna kichwa kitakachoibeba.

Asiyejua kusoma asione haya. Aya hiyo hiyo imempa nafasi: asiyeweza kutoa imla, msimamizi wake atoe imla kwa uadilifu. Binti au mvulana anayesoma sekondari anaweza kuwa mwandishi wa nyumba, na kazi hiyo itamfunza uaminifu kuliko mawaidha mengi.

Jambo jingine ni bei. Yapo maduka yenye bei mbili, ya taslimu na ya mkopo. Wanazuoni wengi wameruhusu bei ya mkopo kuwa juu, kwa sharti kwamba bei moja ikubaliwe kabla ya kuachana. Lakini kuongeza deni kwa sababu mdaiwa amechelewa kulipa, hiyo ni riba. Basi bei na iandikwe siku ya kuchukua, isingoje siku ya kulipa. Mwenye duka naye ana haki yake: Mtume (s.a.w.) amelihesabu kuwa ni dhulma jambo la mwenye uwezo kuchelewesha deni. Ama aliyebanwa kweli, Surat Al-Baqara aya ya 280 inataka apewe muda mpaka apate wepesi.

Robo saa kila Alhamisi

Kopo likifungwa likasahauliwa, mpangilio haufai kitu. Tunapendekeza robo saa kila Alhamisi baada ya Magharibi. Baba na mama wakae pamoja. Kwanza watazame bahasha ya kwanza: ni karatasi gani inayokwisha muda juma hili? Pili, wasome baki la daftari la duka na kulinganisha na uwezo wao. Tatu, waandike orodha ya mahitaji ya juma linalofuata, na ndipo waangalie kama ipo vocha au punguzo linalohusu kilichomo katika orodha hiyo.

Utaratibu huu wa tatu una maana kubwa. Orodha itangulie, vocha ifuate. Punguzo linalotufanya tununue tusichohitaji si akiba. Ni israfu iliyovikwa nguo nzuri. Wanaosafiri hadi Tarime mjini, Mugumu au Sirari kufuata bei nafuu wajumlishe na nauli kabla ya kusema wameokoa fedha.

Mwenzi mmoja anaweza kuwa mtunzaji wa kopo, lakini wawili wajue kilichomo. Deni ambalo mume analijua peke yake, au mkopo wa kikundi ambao mke ameuficha, ni moto uliofunikwa kwa majani makavu.

Baada ya mauti

Mtume (s.a.w.) alifariki deraa yake ikiwa rehani kwa Myahudi mmoja, kwa shayiri pishi thelathini alizochukua kwa ajili ya familia yake. Hadithi hiyo iko katika Sahihi Bukhari. Tuizingatie: kiongozi wa umma alikopa chakula cha nyumbani, tena kwa mtu asiye wa dini yake, na deni lile lilijulikana kiasi chake, mdai wake na dhamana yake. Kukopa chakula si aibu. Aibu ni deni lisilo na kumbukumbu.

Imepokewa pia kwamba aliletewa jeneza la mtu mwenye deni, akawaambia masahaba wamswalie mwenzao, mpaka Abu Qatada alipobeba dhamana ya deni lile ndipo naye akamswalia. Na katika Surat An-Nisaa, mirathi haigawiwi ila baada ya kutekelezwa wasia na kulipwa deni. Mjane aliye katika eda atawajibu vipi wadai watano wanaobisha hodi, ikiwa marehemu aliondoka na hesabu kichwani? Atamlipa nani, na atamkatalia nani? Na yatima watalipwaje haki za baba yao ambazo hakuna anayezijua?

Nyumba yenye bahasha nne huufungua mfuniko, huhesabu, hulipa, na hudai kilicho chake. Iwapo deni limeizidi nguvu, ina ushahidi wa kupeleka kwa wasimamizi wa zaka, kwa kuwa wenye madeni ni miongoni mwa makundi manane yanayostahiki.

Ndugu msomaji, usingoje Ramadhani ikaribie ndipo uulize unadaiwa kiasi gani. Alhamisi hii teremsha karatasi zote kutoka darini, chini ya godoro na mifukoni mwa makoti, zitenge makundi manne, kisha nenda kwa mwenye duka mlinganishe baki na kutia saini. Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, atuwezeshe kutimiza ahadi zetu, na atuondoe duniani tukiwa hatuna haki ya mtu shingoni. Amin.