Mashua Iliyoshonwa Nyumbani

Zamani mtu wa Ulaya aliyetamani mashua yenye tanga alikuwa na njia mbili tu: kuinunua kwa fedha nyingi, au kuwa fundi hodari. Kwanza hulazwa mkuku, kisha husimamishwa mataruma, ndipo mbao hukunjwa kwa mvuke na kupigiliwa moja moja. Kipimo kikikosewa kidogo, maji huingia. Je, karani au mtu wa kiwanda, mwenye jioni zake na siku ya Jumamosi tu, angeiweza kazi hiyo?

Mwaka 1963 jambo hilo lilibadilika nchini Uingereza. Daily Mirror, gazeti lililosomwa sana na wafanyakazi, lilitaka mashua ndogo ambayo jamaa ya kawaida ingeweza kuijenga yenyewe. Barry Bucknell, aliyejulikana kwa kufundisha ufundi wa nyumbani katika televisheni, alishirikiana na Jack Holt, msanifu wa mashua. Vipande vyote viliuzwa kwa pauni 63 na shilingi 11. Mashua ikaitwa Mirror, na matanga yake yakawa mekundu, rangi ya gazeti lenyewe.

Siri yake ni kushona

Mbao zake ni plaiwudi, yaani tabaka nyembamba zilizogandamanishwa kwa gundi, nyuzi za hii zikikingamana na za ile. Kwa hiyo ubao ni mwepesi, wala haupasuki upesi. Mjenzi hutoboa vitundu kwa keekee kandokando ya mbao, hupitisha vipande vifupi vya waya wa shaba, kisha huvisokota kwa koleo. Mbao bapa huvutana na kujikunja, na mbele ya macho ya watoto umbo la mashua hutokea.

Hapo yafaa atulie na kupima toka pembe hadi pembe, asije akapata chombo kilichopindika. Waya hulegezwa kwa urahisi, lakini gundi ikikauka haisamehi. Akiridhika, hubandika utepe wa nyuzi za kioo juu ya kila mshono na kuulowesha kwa gundi nzito ambayo huganda ikawa ngumu. Gundi hiyo ina harufu kali, basi milango na madirisha yawe wazi. Baadaye hukata ncha za waya zilizotokeza nje, husugua kwa msasa, hubandika utepe mwingine, na mwishowe hutia rangi.

Wazee wa Lamu wasingalistaajabu sana. Mitepe yao ya zamani ilishonwa kwa kamba za nazi, bila misumari. Lakini katika mtepe kamba ndiyo iliyoshika chombo siku zote. Katika Mirror waya hushika mpaka gundi ikauke tu.

Mashua hiyo ina urefu wa metro 3.30, na uzito wa kilo 45 na nusu, hata watu wawili waweza kuiinua. Omo yake haikuchongoka, bali imekatwa bapa, kwa kuwa hivyo ni rahisi kujenga. Ndani mna vyumba vya hewa vilivyozibwa, ili ikipinduka isizame. Tena mlingoti wake ni mfupi, hata vyombo vyote vya tanga hulala ndani ya mashua wakati wa safari ya barabarani.

Je, ni kitu cha kuchezea? La. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mwalimu A. J. Mackinnon alitoka Uingereza kwa Mirror moja kuukuu, akapita mito na mifereji mpaka Bahari Nyeusi, mwendo wa kilomita 4,900 hivi. Na mashua zaidi ya 70,000 za namna hiyo zimekwisha kuundwa duniani.

Ndugu msomaji, kazi hii yataka saburi kuliko nguvu. Usiku wa mwisho baba hupitisha kidole polepole juu ya kila mshono, akitafuta kitundu kilichomponyoka. Haogopi kuchekwa na mafundi. Ajua tu ya kuwa watakaokaa juu ya mshono huo kesho, maji yakiwa chini yao, ni watoto wake mwenyewe.