Mwana arejeapo kutoka misheni, mzazi asimharakishe

Kijana aliyehubiri dini ugenini kwa miaka miwili hulakiwa nyumbani kwa nyimbo, vigelegele na chakula kingi. Lakini shangwe hizo zikishapoa, aghalabu huanza kipindi kigumu ambacho wazazi wengi hawakukitarajia. Mwana yuko nyumbani, ila moyo wake haujafika.

Hali hii huwakumba sana waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lililotambuliwa rasmi nchini Kenya mwaka wa 1991. Vijana wake wa kiume hutumika kwa miezi 24 na wa kike kwa miezi 18, bila mshahara, popote wanapotumwa na viongozi wao. Tangu 2012, wavulana huruhusiwa kuanza wakiwa na umri wa miaka 18. Hivyo basi, wengi huondoka punde tu baada ya shule ya upili na kurejea wakiwa watu wazima.

Akiwa kazini, mmishenari huishi na mwenzake mchana na usiku. Saa za kuamka, kusoma, kufundisha na kulala zimepangwa, na mambo ya uchumba huwekwa kando. Anaporudi, rais wa kigingi, yaani kiongozi wa makutaniko kadhaa ya eneo moja, humwondolea rasmi jukumu hilo. Kufumba na kufumbua, hana mwenzake, hana ratiba, wala hana kazi iliyompa sababu ya kurauka.

Jambo la kwanza kwa mzazi, kwa hivyo, ni kusikiliza. Hadi mwanzoni mwa 2019, wamishenari hawa walipigia jamaa zao simu mara mbili tu kwa mwaka. Siku hizi huzungumza nao kila wiki, na hilo humfanya mzazi adhani kwamba anajua yote. La hasha! Mengi hayasemeki kwa simu: milango iliyofungwa usoni, maradhi, upweke na marafiki walioachwa huko. Yafaa mzazi atenge wakati, aulize kuhusu watu na mahali, kisha anyamaze.

La pili ni kumkinga dhidi ya matarajio ya ukoo. Akitoka ng'ambo, wapo jamaa watakaodhani amerudi na pesa. Wengine watamuuliza ataoa au ataolewa lini. Ni wajibu wa mzazi kuwaeleza waziwazi kwamba kazi hiyo haina malipo, na kwamba ndoa haina mbio.

Hata hivyo, kutomharakisha si kumwacha akae bure. Wahenga walinena kuwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Baada ya mapumziko, apewe majukumu ya nyumbani na asaidiwe kupanga siku yake. Ikiwa aliahirisha masomo, awasiliane na chuo mapema kuhusu tarehe za kurejea na karo. Anayetafuta kazi akumbushwe kwamba kujifunza lugha, kuzungumza na wageni na kutunza fedha kidogo ni ujuzi unaostahili kuandikwa katika wasifu wake.

Anayehitaji uangalifu zaidi ni yule aliyerudi kabla ya muda wake, iwe ni kwa ugonjwa, msongo wa mawazo au sababu nyingine. Huyo mara nyingi hurudi na aibu, na minong'ono ya waumini huizidisha. Mzazi asimfiche wala asimtungie visingizio mbele ya watu. Amwambie wazi kuwa nyumba ni yake, na kwamba miezi aliyotumika haikupotea bure.

Iwapo kijana atakosa usingizi au hamu ya kula, atajitenga, au atapoteza raha ya mambo aliyoyapenda kwa zaidi ya majuma mawili, apelekwe kwa daktari au mshauri nasaha. Akitaja kujidhuru, asisubiri hata siku moja. Maombi na matibabu havigombani.

Huenda pia kijana akarudi na maswali kuhusu imani yenyewe. Kumkemea humfundisha kuficha tu. Mzazi anayestahimili maswali hayo bila hasira humwachia mwanawe mlango wa kurudi kuzungumza, na pengine huo ndio msaada mkubwa kuliko yote.