Mazoea yana taabu: somo la usalama kazini kutoka machimbo ya Kakamega

Dada yangu ameolewa Kakamega, na kila nikienda kumtembelea, shemeji hunizungusha. Safari iliyopita alinipeleka Ikolomani kwenye machimbo ya dhahabu. Dhahabu ya huko ni ya zamani. Wazungu waliikimbilia miaka ya 1930, wakachimba mgodi wa Rosterman karibu na mji. Wao waliondoka, wenyeji wakaendelea kwa sururu na kamba hadi leo.

Mimi si mchimbaji. Nilikuwa mfanyakazi wa godauni Mombasa, nikachaguliwa kwenye kamati ya usalama, na tangu hapo macho yangu hayatulii penye kazi. Basi pale Ikolomani nililitazama shimo: kingo zimelowa mvua, vijana wanashuka kwa kamba. Nikamwambia shemeji, "Hili litafukia mtu." Hakubisha. Shimo kila mtu analiogopa, na mvua ikizidi wengine hawashuki.

Kilichonishtua kilikuwa pembeni. Mama mmoja ameketi na beseni, mtoto mgongoni. Alimimina zebaki kwenye mchanga wa mawe yaliyosagwa, akakoroga kwa mkono mtupu hadi zebaki ikashikana na dhahabu, akakamua kwa kitambaa. Kidonge kilichobaki akakiweka motoni ili zebaki ipae, dhahabu ibaki. Nikamuuliza, "Mama, huogopi?" Akacheka. "Nimefanya hivi miaka mingi, mbona sijafa?"

Wapwani tunasema mazoea yana taabu. Hatari inayoonekana hujihadhari nayo. Ile uliyoizoea huioni tena. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Huingia mapafuni, ukadhuru ubongo, neva na figo, na kwa mjamzito hufika kwa mtoto tumboni. Dalili huja polepole: mikono kutetemeka, usingizi kupotea, kusahausahau. Mtu husema ni uchovu au uzee.

Kwa hiyo kutambua hatari ni kazi ya kujifunza. Kwenye kamati tulifundishwa kuzunguka mahali pa kazi tukijiuliza maswali matatu. Kuna nini hapa kinachoweza kudhuru, hata kama hakijawahi kudhuru? Nani atafikiwa, na kwa njia gani? Na madhara yakitokea, yatakuwa makubwa kiasi gani? Swali la pili ndilo husahaulika. Kwa yule mama, aliyevuta mvuke zaidi ya yeye mwenyewe ni mtoto, ambaye hakuajiriwa na mtu.

Baada ya kutambua huja kudhibiti, na hapa ndipo wengi tunakosea. Ukitaja usalama, mtu hufikiri helmeti, glavu na gambuti. Hivyo ni vya mwisho. Kwanza ondoa hatari yenyewe: dhahabu nyingine hupatikana kwa kuosha na kuchekecha tu bila zebaki. Ukishindwa, badilisha kwa kitu chenye madhara madogo. Ukishindwa, itenge na watu: kidonge kichomwe ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba linalopoza mvuke ukarudi kuwa zebaki. Kisha weka utaratibu: kuchoma kufanywe mbali na nyumba, watoto wasiwepo, sufuria ya kuchomea isirudi jikoni. Vifaa vya kujikinga vije juu ya hayo yote. Kitambaa puani hakizuii mvuke wa zebaki hata kidogo.

Nililijua hili kwa uchungu. Kwenye godauni letu foklifti na watu walipita njia moja. Mwenzetu akavunjwa mguu, tukapewa majaketi ya kung'aa. Haukupita muda mrefu, wa pili akagongwa, jaketi lake likiwa mwilini. Tulipopigania reli za chuma zikatenga njia ya miguu na njia ya mashine, kugongwa kukaisha.

Msiseme haya ni ya bara. Hapa Mombasa, Owino Uhuru, kiwanda kilichoyeyusha betri za magari kilisambaza risasi hadi majumbani, na watoto ambao hawakufanya kazi humo wakapatikana na sumu hiyo kwenye damu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Rufaa zikafuata miaka mingine. Kuzuia kungegharimu kidogo kuliko hayo, na afya ya mtoto hairudishwi na hundi.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri achunguze hatari za mahali pa kazi na kuzidhibiti. Penye wafanyakazi 20 au zaidi, lazima kuwe na kamati ya usalama. Ukiona hatari kubwa iliyo karibu kutokea, una wajibu wa kumwarifu msimamizi, na mwajiri haruhusiwi kukulazimisha kurudi hapo kabla haijarekebishwa.

Lakini yule mama hana mwajiri wala kamati, na jioni ile alihitaji pesa za unga. Sikuwa na chombo cha kumpa. Nilimweleza kuhusu mvuke, nikamwomba mtoto asikae karibu na moto. Alinitazama kitambo, akamwita binti yake mkubwa amchukue mdogo ampeleke kule upepo utokako. Kisha akaendelea na kazi.

Kesho ukifika kazini, iwe timboni, gatini, jikoni hotelini au gereji, simama dakika tano kabla hujaanza. Tafuta kile ulichokizoea. Uliza kinamfikia nani, kisha uliza kama kinaweza kuondolewa kabisa, kabla hujaomba glavu.