Pangani haijalala: ukitaka kwenda, angalia mwezi kwanza

Hela ya fildi iliingia Alhamisi. Jumamosi washkaji wangu watatu, waliokuwa TP Muheza na Tanga mjini, wakapanda Coaster kuja kunitembelea Pangani. Walishuka stendi saa saba mchana na miwani ya jua, spika ya muziki na ratiba kamili: saa nane boti kwenda kisiwa cha Maziwe, saa kumi na nusu picha ufukweni, usiku samaki, Jumapili basi la kwanza warudi.

Nahodha tuliyemkuta pwani alituitikia shikamoo zetu, akasikiliza mpaka mwisho, akatazama bahari, kisha akasema kisiwa hakipo.

"Hakipo vipi, mzee?"

"Kilikuwepo asubuhi, wanangu. Sasa kinakwenda chini. Mkifika mtakuta maji matupu."

Washkaji wakaniangalia kana kwamba nimewauzia kiwanja hewa. Tukaenda ufukweni basi. Saa kumi jioni ufukwe nao haukuwepo, mawimbi yalikuwa yanagonga mizizi ya minazi na hapakuwa na pa kusimama. Tukatembea mjini: nyumba za zamani zimefungwa milango, boti zimevutwa juu, wazee wanacheza bao. Usiku mmoja wao akatoa hukumu: "Mji mzuri, ila umelala."

Nimesikia maneno hayo kwa watu wengi waliofika Pangani, Kilwa na Mikindani, na nadhani ni makosa ya saa tu. Washkaji walifika na saa ya ukutani. Mji ule unatumia saa nyingine, na ukishaijua kidogo unaona ni mji wenye pilikapilika kuliko Mlimani siku ya usajili. Kwa hiyo nitaeleza saa hiyo inavyokwenda, maana ukimwuliza mwenyeji atakujibu kwa neno moja, "bamvua", na atadhani umeelewa.

Sote tulisoma kwamba mwezi unavuta maji ya bahari. Tulichokariri bila kukitumia ni kwamba jua nalo linavuta. Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huwa kwenye mstari mmoja na dunia, nguvu zao zinajumlishwa. Maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua. Pwani yetu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua inapita mita 3, yaani dari la chumba cha hosteli na zaidi. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta huku na mwezi unavuta kule, na tofauti inashuka mpaka kama mita moja. Hayo ni maji mafu. Katika kila mwezi kuna bamvua mbili na maji mafu mara mbili.

Sasa sehemu ambayo mimi sikuwahi kufundishwa darasani. Kwenye pwani yetu bamvua ina saa zake. Maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Halafu kila siku yanachelewa kwa dakika kama 50. Baada ya wiki moja yamechelewa saa sita hivi, kwa hiyo wakati wa maji mafu mambo yamegeuka: yanajaa saa nne na kukupwa saa kumi. Ukijua mwezi uliandama lini unaweza kupiga hesabu kwenye daladala. Siku ya nne baada ya mwezi kuandama, zidisha 4 kwa 50, unapata saa 3 na dakika 20. Ongeza kwenye saa nne asubuhi, maji yatakupwa saa saba na ushei mchana. Ni kadirio, linaweza kukosea nusu saa au zaidi, lakini kwa mtu anayetaka kujua avae viatu gani linatosha.

Kama hujui mwezi uko wapi, tafuta kalenda yenye tarehe za Kiislamu. Pwani hukosi nyumba yenye kalenda hiyo. Kwa kuwa tarehe zake zinafuata mwezi, ndizo hizo hizo tarehe za maji: kuanzia tarehe 1 na kuanzia tarehe 15, siku tatu nne mfululizo, ni bamvua, karibu na tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 ni maji mafu. Mzee mwenye nyumba niliyopanga hakuwa na simu ya intaneti, lakini angekuambia maji ya wiki ijayo bila kunyanyuka kwenye mkeka.

Washkaji walifika siku ya bamvua, siku bora kabisa, wakaikosa kwa saa tatu. Wangekuwa pwani saa mbili asubuhi wangepanda boti na maji yanayotoka. Maziwe ni fungu la mchanga baharini, nje ya mdomo wa mto Pangani, lililozungukwa na matumbawe. Zamani lilikuwa kisiwa hasa, lina miti. Wazee wanaikumbuka mivinje yake. Miti ikaisha, mchanga ukawa unahamahama, na leo maji ya bamvua yakijaa linafunikwa lote. Kasa wa kijani bado wanapanda kutaga pale kama walivyozoea. Mayai yakikaa majini yanakufa, kwa hiyo watunzaji huyafukua na kuyafukia upya bara, ufukwe wa Ushongo, mpaka yaanguliwe. Ukibahatika kufika wakati vitoto vinatoka, utasahau gharama ya boti. Kuna ada ya hifadhi, uliza kabla hujapanda. Na miezi ya kusi, ambayo ndiyo miezi yetu ya TP, bahari huchafuka. Nahodha akikataa, usimbembeleze.

Boti zilizovutwa juu nazo zilikuwa na sababu. Wavuvi wa dagaa hutumia taa, zamani karabai na siku hizi nyingi za betri. Taa inawavuta dagaa juu ya maji, wavu unawazunguka. Lakini usiku wa mwezi mpevu bahari yote imewaka, taa yako ni nani? Basi mbalamwezi ndiyo likizo yao, wanashona nyavu na kulala. Njoo usiku wa giza uone: taa zimejipanga kwenye upeo wa macho utadhani kuna mji mwingine kule, na alfajiri ufukweni ni kelele, ndoo, mabishano ya bei, na majungu ya kuchemshia dagaa yanafuka moshi. Kwa hiyo mgeni lazima achague. Mwezi mpevu utakupa kisiwa, giza litakupa soko la alfajiri. Mwezi mwandamo ni bahati, unaweza kukupa vyote viwili.

Historia nitaipita haraka kwa sababu tuliisoma kidato cha tatu. Vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilianzia huku mwaka 1888, na Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani Desemba 1889. Boma lipo, majumba ya mtaa wa mtoni yapo, mengine yanaanguka. Muda wako mwingi mimi ningeupeleka kwenye mikoko.

Mto Pangani unaanzia Kilimanjaro na Meru, unatembea kama kilomita 500, na unapofika baharini unagawana nafasi na maji ya chumvi. Hapo ndipo mikoko ilipo, kwenye kingo na kwenye mahori yaliyojificha pembeni. Ingia na mtumbwi maji yakijaa. Utapita chini ya matawi, kimya, mdiria anakuvuka mbele kama kitambaa cha buluu. Mti wenye miguu mingi iliyopinda ndio mkoko wenyewe. Mchu hauna miguu, wenyewe umechomoza vijiti vingi kwenye tope kama penseli, navyo ni mizizi inayopumua, maana tope lile halina hewa. Ramba jani la mchu. Ni chumvi tupu, mti unaitoa kupitia majani. Wanafunzi wangu walijua hilo tangu wakiwa na miaka mitano. Mimi, mwalimu wao wa biolojia, nililipata kwao. Tunda la mkoko nalo huota likiwa bado linaning'inia mtini, refu kuliko kalamu, kisha linadondoka likichoma tope au linaelea kutafuta makazi.

Boriti zilizobeba dari za majumba ya zamani ya pwani na Zanzibar zilitoka kwenye miti hii, na magome yake yalitumika kulainishia ngozi. Leo mikoko ni misitu ya hifadhi, kukata bila kibali ni kosa. Kamba na samaki wengi wanakulia humo kabla ya kwenda baharini, ndiyo maana mvuvi mwenye akili anamkasirikia mkataji kuliko hata askari wa misitu. Juu mtoni kuna bwawa la Nyumba ya Mungu tangu miaka ya 1960, na mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, na mashamba ya umwagiliaji. Maji matamu yanayofika chini yamepungua, na chumvi inapanda mtoni. Wenye minazi kingoni watakueleza.

Onyo moja linalotokana na maumivu yangu: mwambie mwenye mtumbwi mtoke horini kabla maji hayajageuka sana. Mimi nilijifanya bado napiga picha. Bamvua inapotoka inatoka kweli. Tulikaa juu ya tope saa nne na ushei na mbu wa kutosha, tukisubiri bahari irudi kutuchukua.

Sasa shule. Ukitembea ufukwe wa wilaya ile asubuhi ya bamvua, kama saa nne, utaona kitu ambacho wapiga picha wanakipenda sana. Maji yamekwenda mbali, mchanga na mwamba viko wazi, na wamejaa watu. Kina mama wanatanda uduvi kwa vitambaa, wengine wanachokoa pweza kwenye matundu ya mwamba, na kuna watoto wengi na ndoo zao. Picha nzuri. Ila angalia ni siku gani. Kama ni Jumanne, baadhi ya watoto hao walipaswa kuwa darasani kwangu.

Wiki yangu ya pili ya TP, Kidato cha Pili, daftari la mahudhurio lilitoboka: Jumanne, Jumatano na Alhamisi karibu robo ya darasa haikuwepo. Waliporudi niliwafagilisha uwanja. Binti mmoja, mwerevu kuliko wengi, nilimwuliza alikuwa wapi. Akasema, "Mwalimu, maji yalikuwa mazuri." Niliona ni jeuri, nikamwongezea adhabu.

Wiki mbili baadaye likatoboka tena, siku zile zile tatu. Nilimlalamikia yule mzee mwenye nyumba kwamba watoto wa huku wavivu. Hakubishana. Alinyoosha fimbo kwenye kalenda ukutani, kwenye tarehe 15, kisha akairudisha kwenye tarehe 1. "Hesabu, mwanangu." Nikahesabu. Pweza wa siku tatu nne za bamvua ndio sare, ndio daftari, ndio mafuta ya taa ya wiki mbili zijazo. Na maji hayo yanakupwa saa nne asubuhi, katikati ya kipindi changu cha pili.

Nilichofanya ni kidogo. Mada mpya nilizihamishia wiki za maji mafu, siku za bamvua nikafanya marudio na waliopo. Majaribio yote mawili yaliyobaki niliyaweka maji yakiwa mafu, na mahudhurio yakawa mazuri. Msimamizi wangu alipokuja kunikagua aliuliza kwa nini azimio la kazi linarukaruka. Nikamweleza habari ya mwezi. Akaandika alama ya kuuliza pembeni.

Na alama hiyo sikuweza kuifuta, kwa sababu alikuwa na haki. Mtihani wa taifa haupangwi kwa maji. Binti anayekosa siku tatu kila bamvua anakosa siku sita kwa mwezi, na marudio yangu hayamfikii akiwa mwambani. Mama yake nilimtembelea. Alinikaribisha chai na pweza mkavu, akaniambia naye anataka mwanawe awe mwalimu kama mimi, na akanitajia bei ya kilo moja ya pweza. Sikuwa na jibu la bei hiyo. Yule binti nilimwomba radhi kwa uwanja niliomfagilisha. Aliona aibu kuliko mimi.

Siku ya mwisho nilimkabidhi mwalimu wa darasa daftari la mahudhurio. Juu ya kila safu ya tarehe, mpaka Novemba, nilikuwa nimeandika kwa penseli tarehe ya mwezi na saa ya maji kupwa. Alilitazama kidogo, akacheka, akasema hizo saa yeye anazijua tangu amezaliwa. Kisha akaniomba nimwachie ile penseli.