Wenye Ardhi wa Naboisho Wawafungulia Wanyama Njia

Watu wengi hudhani kuwa wanyama wa Masai Mara hukaa ndani ya mpaka wa hifadhi tu. Sivyo. Nyumbu na punda milia hawaujui mpaka huo, na sehemu kubwa ya malisho yao iko nje, katika ardhi ya Wamasai wenyewe.

Hapo kwanza nchi ya Koyiaki, iliyo kaskazini ya hifadhi, ilikuwa ranchi ya watu wote kwa shirika. Kisha ikagawanywa, na kila mtu aliyeandikwa akapewa yapata ekari 150 na hati yake. Ugawaji huo uliwapa watu haki, lakini pia ulileta taabu. Wengine walitia seng'enge, wengine wakauza, na mifugo ilipokaa mahali pamoja mwaka mzima nyasi zikaisha. Wanyama nao wakafungiwa njia.

Mwaka 2010 wenye hati zaidi ya 500 waliunganisha viwanja vyao, jumla yapata ekari 50,000, wakapaita Naboisho, yaani kukutana pamoja kwa Kimasai. Kwa mapatano hayo ardhi hubaki mali ya mwenyewe. Wenye kambi za watalii humlipa kodi kila mwezi, wageni wawe wengi au wachache, na fedha huingia benki kwa jina lake. Naye huondoa ua na kuhamisha boma lake. Idadi ya mahema nayo ina kipimo, ili nchi isijae magari.

Ng'ombe hawakufukuzwa kabisa, na hili ndilo jambo la kutazamwa sana. Huchungwa kwa zamu: sehemu moja ikiliwa, nyingine hupumzishwa mpaka majani yaote tena. Nyumbu hufuata nyuma ya ng'ombe, kwa kuwa hupenda majani mafupi yaliyo machanga.

Manung'uniko yapo, wala si ya bure. Hati nyingi zimeandikwa majina ya wanaume, basi huenda mke asiione kodi hiyo kamwe. Asiye na hati hapati kitu, na hali malisho yake yamepungua. Tena mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipowazuia watalii, katika sehemu nyingi za Mara kodi ilipunguzwa, ijapokuwa mapatano yalisema vingine.

Sheria ya wanyama ya mwaka 2013 iliyatambua maeneo ya namna hii, lakini haimlazimishi mtu kuingia. Muda wa mkataba ukiisha, kila mwenye ardhi yu huru kutia sahihi tena, au kutia seng'enge.